Chili nzito ya chungu cha umeme: kazi inayotangulia jikoni

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Houston, Texas. Nimenunua chungu cha umeme cha kupikia polepole ili chakula kiwe tayari nikirudi kazini, na nilitaka kupika chili, ule mchuzi mzito wa nyama na pilipili wa Texas, kama ile wanayoleta wenzangu wa kazini. Usiku niliroweka maharagwe mekundu, na saa kumi na mbili asubuhi nikayatia chunguni pamoja na steki isiyo na mafuta, makopo mawili ya nyanya, vitunguu, vijiko vitatu vikubwa vya pilipili ya unga na maji ya kufunika kila kitu, nikaweka moto mdogo. Niliporudi saa kumi jioni nilikuta supu nyembamba inayowasha vibaya, nyama kavu na maharagwe mengine bado magumu. Usiku ule mume wangu na mtoto mmoja walitapika sana. Tatizo liko wapi? Na nikishajua kuipika, je, naweza kupika ya watu ishirini wa kanisani kwetu?

JIBU: Dada yangu, poleni sana. Nitaanza na maharagwe kabla ya kuzungumzia ladha, kwa sababu hilo ndilo jambo katika maelezo yako linaloweza kumdhuru mtu. Maharagwe mekundu mabichi yana protini iitwayo fitohemaglutinini, ambayo ni sumu kwa tumbo la binadamu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inaeleza kwamba hata punje nne au tano zisizoiva zinaweza kumuumiza mtu, na kwamba kichefuchefu na kutapika, pengine na kuhara baadaye, huanza kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula, kisha kwa kawaida hutulia ndani ya saa chache. Daktari ndiye mwenye uwezo wa kuthibitisha kilichowapata watu wako, lakini hali uliyoieleza inafanana sana na hiyo. Na iwapo mtu ataendelea kutapika, hasa mtoto, asisubirishwe nyumbani.

Sumu hii huvunjwa na mchemko wa kweli, ule wa maji kububujika, wala si kwa kukaa muda mrefu katika joto la wastani. Vyungu vingi vya umeme vikiwa kwenye moto mdogo hupanda joto polepole kwa saa kadhaa, na baadhi havifikii mchemko kamili hata baada ya siku nzima. Mamlaka hiyohiyo imeonya kwamba maharagwe yaliyopashwa hadi nyuzi 80 hivi za Selsiasi yanaweza kuwa na sumu mara tano zaidi ya yale mabichi kabisa. Kwa hiyo saa kumi chunguni hazikuyafanya maharagwe yako kuwa salama, na punje zile ngumu ulizozikuta zilikuwa dalili kwamba mengi hayakuiva.

Huenda unajiuliza mbona nyumbani tumekula maharagwe maisha yetu yote bila kusikia habari hizi. Jibu ni kwamba kule sufuria inakaa juu ya mkaa, maji yanatokota kwa nguvu tangu mwanzo, na mama anaongeza maji ya moto kila yanapokauka mpaka punje ipondeke kwa vidole viwili. Sumu inakwisha mapema kabla hata maharagwe hayajalainika, na hakuna anayejua kwamba ilikuwapo. Aina ya maharagwe ni ileile. Kilichobadilika ni chombo.

Utaratibu salama ni huu. Yaroweke kwa saa tano au zaidi, na kwa kuwa Houston ni mji wa joto, bakuli likae ndani ya jokofu. Mwaga maji ya kurowekea, suuza, tia maji mapya jikoni, na yachemshe kwa nguvu kwa dakika 30, ambao ndio muda unaoshauriwa na mamlaka niliyoitaja. Baada ya hapo punguza moto uyaache yaendelee kuiva mpaka yakaribie kulainika kabisa, yaani punje ivunjike ukiibana lakini isipondeke. Usiyaingize chunguni yakiwa bado magumu kwa matumaini kwamba yatamalizikia humo, kwa sababu nyanya zina asidi, na asidi hulizuia ganda la harage lisilainike. Maharagwe ya zamani, yaliyokaa dukani muda mrefu, ni sugu zaidi. Kwa hayo robo ya kijiko cha chai cha soda ya kuokea katika maji ya kuchemshia husaidia, kama magadi yanavyosaidia huko kwetu, ila ukizidisha yatakuwa na ladha ya sabuni. Siku ambayo huna nafasi ya haya yote, nunua ya kopo. Hayo yamekwisha kupikwa kiwandani na hayana hatari hiyo. Yachuje, yasuuze, uyatie katika saa ya mwisho.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe, maana makosa mengine yote uliyoyataja yanatokana na kukitarajia kifanye kazi zisizo zake. Chungu cha umeme kina ufundi mmoja mkubwa, nao ni kulainisha nyama ngumu kwa joto dogo la muda mrefu bila kuunguza. Hakikaangi, hakikaushi mchuzi, hakiivishi kitunguu hadi kigeuke rangi, na hakitoi harufu iliyomo ndani ya viungo. Aliyekibuni, Irving Naxon, alipata hataza yake mwaka 1940, na inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwa mama yake, aliyemweleza jinsi Wayahudi wa Lithuania walivyokuwa wakipeleka chungu cha nyama na maharagwe katika tanuri la mwoka mikate Ijumaa kabla ya Sabato na kukichukua kesho yake. Kampuni ya Rival ilipoanza kukiuza kwa jina la Crock-Pot mwaka 1971, ilikiuza kama msaada kwa watu wanaoshinda kazini. Ahadi hiyo ni ya kweli kwa sehemu tu: chungu kinakupa uhuru wa saa nane, lakini kinakudai saa moja ya jikoni kabla hujakifunika.

Ndiyo maana, kwa mtu anayetoka saa kumi na mbili asubuhi, mimi sishauri chili ya asubuhi hata kidogo. Pika usiku. Roweka maharagwe asubuhi kabla ya kutoka, yachemshe jioni ukirudi, kaanga nyama na viungo wakati yanaiva, na saa tatu usiku funika chungu kwa moto mdogo. Saa kumi na moja alfajiri chili imeiva ukiwa nyumbani muda wote. Igawe katika vyombo vipana visivyo na kina, ili ipoe upesi, uiweke kwenye jokofu ndipo uende kazini. Jioni unaipasha tu. Usijaribu kufupisha kazi kwa kukaanga nyama usiku nusunusu, kuihifadhi na kuimalizia kesho yake, kwa kuwa nyama iliyopashwa bila kuiva bado ina vijidudu hai, na chungu kitachelewa mno kuipandisha joto. Faida nyingine ya kupika usiku ni ladha: chili iliyolala ni tamu kuliko ya saa ileile, na mafuta yaliyoganda juu unayatoa kwa kijiko kwa urahisi.

Kuhusu nyama, steki isiyo na mafuta ndiyo iliyokuponza, tena ni ghali. Sehemu laini za ng'ombe hazina kitu cha kuzilinda katika saa nyingi za joto. Maji yake hutoka na kinachobaki ni nyuzi. Unachohitaji ni nyama ya bega, ambayo katika bucha za Texas huandikwa chuck, au kidari. Nyama hizi zina utando na kano zenye kolajeni nyingi, yaani protini inayoshikilia nyuzi za nyama, ambayo ikikaa muda mrefu katika joto linalozidi nyuzi 70 hivi huyeyuka na kuwa jelatini, na ndiyo inayoupa mchuzi ule uzito wa kunata midomoni. Nyama ya mbuzi pia inafaa sana, nayo si ngeni Texas, jimbo linaloongoza Marekani kwa ufugaji wa mbuzi. Kata vipande vya sentimita mbili na nusu hadi tatu. Nyama ya kusaga inakubalika, lakini haina haja ya saa nane, na binafsi naona kuitia chunguni ni kupoteza kile ambacho chungu kinakifanya vizuri.

Kwa chungu cha lita sita hivi chukua kilo moja na robo ya nyama, na gramu 350 za maharagwe zikipimwa yakiwa makavu. Ifute nyama kwa karatasi za jikoni mpaka iache kulowa, maana nyama yenye maji hujichemsha badala ya kukaangika, kisha itie chumvi vijiko viwili vya chai. Pasha kikaango kizito cha chuma, tia mafuta vijiko viwili vikubwa, na upange vipande vikiwa vimeachana. Usivichokore. Mwanzoni vitang'ang'ania chini. Baada ya dakika tatu au nne vitajiachia vyenyewe, na upande wa chini utakuwa na ukoko wa rangi ya kahawia iliyokoza. Geuza mara moja, toa, weka mafungu mengine. Huna sababu ya kukaanga nyama yote. Ukikaanga nusu tu ladha itaenea katika chungu kizima. Kikaango kikibaki na masalia yaliyoganda, usikioshe, kwa sababu humo ndimo kitunguu kitakapokaangwa.

Pilipili ndiyo roho ya chakula hiki, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kopo linalouzwa Marekani kwa ajili ya chili huwa si pilipili tupu. Ni mchanganyiko wa pilipili isiyo kali sana, bizari nyembamba, majani makavu ya kiungo kiitwacho oregano, kitunguu saumu na pengine chumvi. Mchanganyiko wa namna hiyo ulianza kutengenezwa kwa biashara palepale Texas katika miaka ya 1890 na William Gebhardt, mhamiaji wa Kijerumani wa mji wa New Braunfels. Mapishi yanayosema vijiko vitatu vikubwa yanakusudia huo. Kama ulitumia pilipili ya unga ya duka la Kihindi, ambayo ni pilipili kali peke yake, basi ulitia ukali wa chakula cha kijiji kizima, na hata hivyo ukakosa harufu.

Ukitaka kuonja chili inavyopaswa kuwa, acha unga na ununue pilipili kavu nzima, ambazo Houston zinapatikana katika kila duka la Kimeksiko. Ancho ni pilipili ya Kimeksiko iitwayo poblano iliyokaushwa, pana, nyeusi nyeusi, yenye utamu. Guajillo ni ndefu, nyekundu, yenye ngozi inayong'aa na uchachu mdogo. Chukua ancho nne na guajillo tatu. Zipasue, toa vikonyo na mbegu, kisha zilaze juu ya kikaango kikavu kilichopata moto na kuzikandamiza kwa mwiko kwa sekunde kumi hadi ishirini kila upande. Zitalainika, zitabadilika rangi kidogo, na ancho itatoa harufu inayokaribia ya zabibu kavu. Hapo zitoe mara moja, kwani zikishakuwa nyeusi zitaleta uchungu usiofunikwa na kitu chochote. Ziloweke katika maji ya moto dakika 25, uzichuje, uzisage kwenye blenda pamoja na supu ya mifupa kidogo mpaka upate rojo laini. Rojo hili lina rangi na harufu nyingi lakini ukali wake ni wa upole, kiasi kwamba watoto wanalila. Wakubwa wanaotaka kuwashwa waongezewe pilipili kali mezani.

Yanayofuata ni mambo ambayo mikono yako tayari inayajua. Katika kikaango kilekile kaanga vitunguu vikubwa viwili hadi kingo zake ziwe za kahawia, ongeza pilipili hoho moja na punje tano za kitunguu saumu, halafu kijiko kimoja kikubwa cha bizari nyembamba, ambayo wengine huiita uzile, iliyokaangwa kavu na kutwangwa. Mafuta ndiyo yanayobeba harufu ya viungo, kama unavyojua ukiunga mchuzi wowote wa pwani. Viungo vilivyomwagwa tu katika maji ya chungu hubaki na ladha ya vumbi. Tia vijiko viwili vikubwa vya nyanya nzito ya kopo, ikaange mpaka ipoteze wekundu wake mkali, kisha mimina rojo la pilipili uliache litokote dakika mbili. Malizia kwa supu ya mifupa, ukikwangua ukoko wote kwa mwiko.

Majimaji uliyoyapata yanatokana na kwamba chungu kilichofunikwa hakipotezi mvuke. Unaotoka kwenye nyama hugonga mfuniko na kurudi, huku nyama, vitunguu na nyanya vikiendelea kutoa maji yake. Kwa hiyo makopo mawili ya nyanya na maji ya kufunika ni mengi kupita kiasi. Kwa vipimo nilivyotoa, kopo moja la gramu 400 la nyanya zilizopondwa na mililita 350 za supu, pamoja na ile iliyotumika kusagia, vinatosha kabisa. Ukitazama kabla ya kufunika utaona nyama imejitokeza juu ya mchuzi na utaogopa, usiongeze kitu. Baada ya saa mbili tatu itakuwa imezama.

Mpangilio wa chunguni ni mwepesi: maharagwe chini, nyama juu yake, kisha mchuzi wa moto kutoka kikaangoni, vijiko viwili vya chai vya oregano kavu, na funika. Kuingiza vitu vikiwa vya moto ni muhimu, kwa kuwa chakula kisikae muda mrefu kati ya nyuzi 4 na 60, ambako vijidudu huzaliana haraka. Kwa sababu hiyohiyo nyama isiingie ikiwa imeganda, na kitufe cha kuchelewesha kuwasha kisitumike kwa nyama. Moto mdogo saa nane, au mkubwa saa nne hadi tano. Usifungue mfuniko kwa udadisi. Kila ukiufungua, joto linalotoka huchukua dakika 20 au zaidi kurudi.

Ikishaiva, ponda kikombe kimoja cha maharagwe pembeni mwa chungu uyachanganye, na mchuzi utashika. Wapishi wa Texas hupendelea kutia vijiko viwili vikubwa vya masa harina, unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa ambao hutumika kwa tortilla, zile chapati za Kimeksiko, uliokorogwa kwanza katika maji kidogo. Unaleta uzito pamoja na harufu ya mahindi. Unga wetu wa ugali si mbadala mzuri, kwa sababu unabaki na chengachenga na unahitaji muda mrefu kuiva. Bado ni nyepesi? Ondoa mfuniko, weka moto mkubwa kwa nusu saa. Mwisho kabisa, chumvi na maji ya ndimu nusu. Ndimu si urembo. Chakula kilichoiva saa nane huwa kimetulia mno, na uchachu ndio unaokiamsha.

Nikutahadharishe jambo moja kuhusu wenzako wa kazini. Texas iliitangaza chili kuwa chakula rasmi cha jimbo mwaka 1977, na wengi wao wanashikilia kwamba chili halisi haina maharagwe; mashindano maarufu ya kupika chili huko Terlingua, Texas, yaliyoanza mwaka 1967, hayaruhusu maharagwe katika chili inayopelekwa kwa waamuzi. Wanawake wa Kimeksiko waliouza chili usiku katika viwanja vya San Antonio mwishoni mwa karne ya 19 ndio walioifanya ijulikane, na sifa yao ilikuwa nyama na pilipili. Ninauheshimu msimamo huo, na chili ya nyama tupu ni tamu sana. Lakini kwa familia ya watu watano maharagwe yanashibisha, yanapunguza gharama, na yakipikwa inavyotakiwa hayaiharibii chili heshima. Ukipeleka kazini, pika bila maharagwe. Nyumbani, fanya unavyopenda. Watoto wako wataila kwa wali au ugali bila malalamiko, na mkate wa mahindi wa Kimarekani nao unafaa.

Kuhusu watu ishirini: vipimo hivi vinatosha watu wanane hadi kumi, na chungu kisijazwe kupita theluthi mbili au robo tatu, la sivyo katikati patachelewa kupata joto. Usikisukume chungu kimoja kibebe maradufu. Pika mara mbili, Alhamisi usiku na Ijumaa usiku, kwa kuwa chili hukaa salama kwenye jokofu siku tatu hadi nne, na kwenye friza miezi miwili mitatu. Siku yenyewe changanya zote katika sufuria kubwa jikoni, uzichemshe hadi zitokote kote huku ukikoroga kutoka chini, ndipo uzihamishie katika chungu kilichokwisha kupashwa, ukiweka kwenye alama ya kutunza joto. Usitumie chungu chenyewe kupashia chili iliyotoka kwenye jokofu, kwa maana kitachukua muda mrefu mno kuifikisha kwenye joto salama. Na kwa kuwa watoto wa kanisani ni wengi, andaa pilipili kali katika bakuli lake la pembeni, pamoja na vipande vya ndimu na vitunguu vilivyokatwakatwa, kila mtu ajitilie mwenyewe.